Siwezi Kulalamika

Doreen Entwistle alipofungua mlango akamkuta yule binti wa gazetini amesimama mvuani bila mwavuli, alifanya ambalo mtu yeyote wa Thornshaw angelifanya. Alimwingiza ndani, akateleka birika la chai, ndipo akamwambia kwamba hana la kumwambia.

"Hujambo lakini, Bi Entwistle?" aliuliza Nabila Akhtar, akitafuta pa kutundika koti lililokuwa likichuruzika maji.

"Siwezi kulalamika."

"Najua huwezi," Nabila alisema. "Ndicho kilichonileta."

Doreen hakuwa amelifikiria jibu lake. Hapa kwetu Thornshaw, mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza, ndivyo watu wanavyojibu salamu. Mtu kavunjika nyonga, hawezi kulalamika. Kafukuzwa kazi, nyumba imeingia maji mpaka madirishani, hawezi kulalamika. Anayejibu vingine huwafanya wenzake watazame viatu vyao na kukumbuka kwamba basi litawaacha. Ni adabu tu, wala haina maana yoyote. Kwa Doreen, hata hivyo, kwa miaka miwili sasa ilikuwa na maana, tena yenye saini.

Alikuwa amefunga pai za nyama kwenye pakiti katika kiwanda cha Gerald Satterthwaite tangu ujana wake, mpaka asubuhi ile tajiri alipomfuata kwenye chumba cha baridi, akauegemea mlango kwa mgongo, kisha akamfanyia alichomfanyia katikati ya masanduku ya nyama. Doreen alikwenda ofisini kushtaki siku hiyo hiyo. Ofisi ilimsikiliza kwa upole, ikampa chai, na baada ya wiki chache ikampa fedha na mkataba wa usiri. Aondoke kwa maelewano. Asimwambie mtu, ila mumewe na daktari wake. Akifungua kinywa atarudisha fedha zote, na juu yake alipe gharama za mawakili wa kampuni, na mawakili hao si wa bei ya sokoni. Fedha zenyewe zilishageuka paa jipya na kiti cha umeme cha kumpandisha ngazi mumewe Neville, ambaye mapafu yake yaliliwa na vumbi la machimbo ya mawe.

"Tumepata wanawake watano," Nabila alisema. "Wewe mmoja wao. Wote wametia saini, na kila mmoja aliambiwa kwamba hakuna mwingine. Ijumaa tunaitoa habari. Majina yenu hayamo. Lake limo."

"Nani kakuambia juu yangu?"

"Na mimi nina siri zangu, Bi Entwistle. Zangu ni za bure."

Doreen alimimina maziwa kwenye kikombe ambacho tayari kilikuwa na maziwa. "Mwanangu yuko pale," alisema. "Leanne. Ghorofani, ofisini kwake tajiri. Tangu Pasaka."

"Umemwambia?"

"Siruhusiwi."

"Ni mwanao!"

"Mume na daktari. Nilimuuliza wakili, mtoto je? Akatazama saa yake, akasema mtoto hayumo."

Kiti cha ngazi kikaanza kuvuma. Neville alishuka polepole, magoti yamebanana, uso umeelekea ukutani, mtu mzima anayebebwa kama kifurushi. Hakukipenda kiti hicho hata siku moja, kwa kuwa alijua kilinunuliwa kwa fedha gani.

"Nani huyo?" aliuliza kabla hajafika chini.

"Wa gazeti."

"Umempa biskuti?"

"Bado."

"Sasa mnazungumza vipi?" Alijikokota hadi mezani, akakaa huku akihema, akamtazama Nabila. "Mimi ndiye niliyepewa ruhusa ya kujua, mwanangu. Mawakili walinipa heshima hiyo. Nijue, ninyamaze, nipande kiti."

"Mnaweza kunisaidia, Bwana Entwistle."

"Nyumba ndiyo hii unayoiona," Doreen alidakia. "Wakiidai, tutalala wapi? Andikeni. Watu watakapolisoma gazeti, Leanne naye atalisoma, na mimi sitakuwa nimesema kitu."

Hilo ndilo lililokuwa tumaini lake lote. Gazeti lingemwambia mwanawe kile ambacho mama mtu alikatazwa kumwambia.

Leanne Entwistle alikuwa mlalamikaji tangu utotoni. Njegere zimeiva mno, basi limechelewa, mvua imenyesha siku aliyotengeneza nywele, mchungaji anahubiri kama mtu anayesoma maelezo ya dawa. "Huyu si wetu," Neville alizoea kutania. "Pale hospitali walitubadilishia." Majirani walimwona hana adabu. Doreen alimkemea mbele za watu, na moyoni alifurahi kwamba ndani ya nyumba yake kuna angalau mtu mmoja anayesema linalomuuma.

Wakati wa Pasaka, alipoleta habari kwamba amepata kazi ghorofani, Doreen alimwambia asiichukue.

"Kwa nini?"

"Usiichukue tu."

"Kwa nini, mama?"

"Yule mtu hakufai."

"Kwani kakufanya nini?"

Doreen, jibu likiwa limefika kwenye meno, aliinuka akaenda kuosha sufuria iliyokuwa safi.

"Mimi nakuambia ni nini," Leanne alisema nyuma yake. "Wivu. Umefunga pai maisha yako yote, mimi ninakaa kwenye kiti chenye magurudumu, unaumia."

Doreen aliisugua ile sufuria mpaka Leanne akaondoka.

Ijumaa alikuwa dukani kabla halijafunguliwa. Alilipia gazeti, akalifungua pale pale kwenye kaunta. Ukurasa wa mbele ulikuwa na mashimo ya barabarani, pamoja na picha ya diwani akiyanyooshea kidole. Alifunua ukurasa wa pili, wa tatu, akafika kwenye matangazo ya vifo.

"Unamtafuta marehemu gani?" mwenye duka aliuliza.

"Hamna. Vipi hali, Trevor?"

"Siwezi kulalamika."

Alipompigia Nabila simu, sauti ya binti huyo ilikuwa ya mtu ambaye hakulala. "Mahakama imetuzuia. Jana jioni, tukiwa tumeshaupanga ukurasa. Mawakili wao walimpata jaji kwa simu, wakamwambia tunataka kuvunja mikataba ya watu. Jumatano kuna uamuzi Manchester. Na kabla hujaniuliza, siruhusiwi hata kuandika ni nini nilichozuiwa kuandika."

"Kwa hiyo wewe pia?"

"Mimi pia, Bi Entwistle."

Nitasemaje jambo hili bila kutukana? Mtu anafanya uovu, anaununua ule uovu wake kwa fedha, kisha anakwenda mahakamani kudai alindiwe alichokinunua, kana kwamba ni kiwanja. Na mahakama inampokea kwa heshima zote na kumuuliza kama angependa maji.

Jumatano Doreen alimwambia mumewe anakwenda kwa daktari wa meno. Neville, aliyejua kwamba meno ya mkewe ni ya bandia, alimwambia pole.

Huko mahakamani Manchester, jaji alikuwa mama wa makamo mwenye sauti nzuri. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Alisema uhuru wa magazeti ni jambo zito, na kwamba umma una haki ya kujua mambo mengi. Akasema pia kwamba watu wazima wanapoahidiana kwa hiari yao, kila upande ukiwa na wakili wake, ahadi nayo ni jambo zito, na haipasi ivunjwe kabla kesi kamili haijasikilizwa. Majina hayakutajwa. Mwenye kiwanda aliitwa Bwana X. Wanawake walipewa herufi kila mmoja, na ilimchukua Doreen muda kung'amua kwamba yeye ndiye C.

"Bibi C alikuwa na wakili wa kujitegemea," jaji alisoma.

Wakili huyo wa kujitegemea alilipwa na kampuni. Alikutana na Doreen katika chumba cha mikutano cha kampuni, akanywa kahawa ya kampuni. Alipomuuliza kama ameelewa, Doreen alisema ndiyo, asante, na samahani kwa kukupotezea muda. Hayo jaji hakuyasoma, kwa kuwa hakuna aliyemwandikia.

"Na kuhusu madai kwamba Bibi C alishinikizwa," jaji aliendelea, "mbele yangu nina ushahidi wa afisa utumishi aliyekuwepo. Anaeleza kwamba Bibi C alikuwa mchangamfu siku hiyo. Alipoulizwa hali yake kabla ya kutia saini, alijibu kwamba hawezi kulalamika."

Mawakili wa kampuni, watu wa London wenye suti zilizokaa vizuri, waliinamisha vichwa kwa kuridhika. Kwenye benchi la nyuma Doreen alihisi joto likimpanda kutoka shingoni hadi masikioni. Salamu! Wamechukua salamu yake, aliyorithi kwa mama yake na bibi yake, wakaipeleka mahakamani kuwa shahidi dhidi yake. Afisa utumishi yule alizaliwa mtaa wa pili kutoka kwake. Alijua vizuri kabisa maana ya maneno yale, na aliyaandika.

"Bibi F ndiye mdogo kuliko wote," jaji alisema, "na mkataba wake ni wa mwezi huu."

Doreen alimtafuta Nabila kwa macho. Nabila alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye maandishi yake, na uso wake ulionyesha kwamba naye hilo ni geni kwake.

Zuio likabaki. Nje, kwenye baridi, Nabila alimshika mkono. "Sikujua kuna wa sita. Naapa sikujua."

"Ni nani?"

"Wanajua wao. Sikiliza, Bi Entwistle. Gazeti wamelifunga mdomo, lakini polisi ni jambo jingine. Hakuna mkataba katika nchi hii unaoweza kukuzuia kwenda polisi. Hawakukuambia?"

"Labda walisema," Doreen alijibu. "Nilikuwa nikimwomba wakili radhi."

Jioni alipika soseji na viazi vya kuponda. Mawazo yake yalikuwa Manchester, na njegere zikachemka mpaka zikawa uji. Aliziandaa hivyo hivyo. Leanne aliingia na koti lake, akakaa, akaanza kula.

Neville alimtazama mwanawe akimeza ule uji wa kijani, akaweka uma chini.

"Njegere zimepitiliza kidogo," Doreen alisema.

"Ziko sawa," Leanne alisema.

"Na kazini vipi, mwanangu?"

"Siwezi kulalamika."

Katika miaka yake yote kumi na tisa Leanne hakuwahi kuyasema maneno hayo, ila kwa kuwaigiza majirani.

"Umesemaje?" Doreen aliuliza.

"Nimesema siwezi kulalamika. Si ndivyo mnavyosema nyote? Nikilalamika kosa, nisipolalamika kosa!" Aliinamia sahani yake.

"Leanne. Umetia saini kitu?"

"Siruhusiwi kusema kama nimetia saini."

"Umeruhusiwa kumwambia nani? Mume na daktari?"

"Mimi sina mume," Leanne alisema, akijifuta pua kwa mkono wa koti, "kwa hiyo ni daktari tu." Ndipo swali lilipomfikia. Aliinua uso taratibu. "Mama. Wewe umejuaje?"

Doreen alifungua kinywa. "Siruhusiwi," alisema.

Walitazamana, mama na mwana, katika jiko lao wenyewe, juu ya meza waliyoilipia wenyewe, kila mmoja amefungwa mdomo na mtu yule yule. Kisha Leanne alianza kulia kwa sauti kama alivyokuwa akilia utotoni, na Doreen akaizunguka meza akamkumbatia kichwa.

"Nilikuambia una wivu," Leanne alisema ndani ya aproni ya mama yake. "Nilikuambia unaumia."

"Niliumia, ndiyo. Hukukosea."

Doreen hakujihurumia hata kidogo. Aliona waziwazi kwamba kunyamaza kwake ndiko kulikomnunulia Neville kiti, na ndiko kulikompandisha Leanne ghorofani. Alitaka kujipigiza kichwa ukutani. Alimkasirikia Satterthwaite, na wakili wa saa, na jaji mwenye sauti nzuri, na yeye mwenyewe aliyeomba radhi.

Neville alikuwa amejishika ukingo wa meza, midomo imegeuka buluu kwa hasira na kukosa pumzi. "Wakikitaka kiti, wakichukue," alisema. "Nyumba pia. Mimi ngazi nitapanda kwa makalio."

Jumamosi kulikuwa na mechi ya kriketi, na kwenye kriketi kuna chai, na chai ya klabu ya Thornshaw huandaliwa na wanawake wale wale kila mwaka. Doreen alisimama nyuma ya sinia lake la skonzi. Kando yake Hilary Pilling, ambaye zamani alikuwa kwenye mashine ya unga kiwandani, alikata keki. Hilary siku hizi si mtu wa maneno. Nabila naye alikuwepo, ametumwa na mhariri aandike habari za mchezo, kwa kuwa mchezo haujapigwa marufuku.

Satterthwaite ndiye mdhamini wa klabu. Wakati wa mapumziko alipita kwenye meza ya chai kama afanyavyo daima, kofia ya mabua kichwani, mashavu mekundu, akimpa kila mmoja mkono na neno zuri. Wachezaji walikuwa wamepanga foleni na sahani zao. Mchungaji alikuwepo, diwani wa mashimo alikuwepo.

"Doreen!" alisema kwa furaha, kwa sauti ya kusikiwa na wote. Alikuwa na uhakika naye, kwa kuwa alishamlipia. "U hali gani, bibie?"

"Ninalalamika, Bwana Satterthwaite."

Alicheka. Alidhani hakusikia vizuri. "Eh? Jua limekuwa kali, siyo?"

"Jua ni zuri sana, asante. Mimi ninalalamika."

Mtu mmoja kwenye foleni alitazama viatu vyake. Mashavu ya tajiri yaliongeza wekundu, na tabasamu lilibaki usoni likiwa halina kazi. Alifanya ambalo mtu wa adabu hufanya anapokwama: aligeukia wa pili.

"Na wewe, Hilary? Mzima?"

Hilary aliweka kisu cha keki mezani. Alimtazama Doreen, na katika kutazamana huko wanawake hao wawili, waliokata keki pamoja miaka yote bila kuambiana kitu, waliambiana kila kitu.

"Na mimi ninalalamika," Hilary alisema.

Satterthwaite aliondoka bila skonzi. Nabila, aliyekuwa amesimama kwenye ubao wa matokeo, aliandika.

Ijumaa iliyofuata, ndani ya habari ya kriketi, kati ya mikimbio na wiketi, kulikuwa na mistari miwili. Ilisema kwamba mdhamini wa klabu aliwajulia hali Bi Entwistle na Bi Pilling, nao wakamjibu kwamba wanalalamika. Mawakili wa London waliipitia mikataba mstari kwa mstari, kwa malipo ya saa, wakitafuta kifungu kinachomkataza mtu kuitikia salamu. Hawakukipata. Walituma barua ya vitisho hata hivyo. Zuio bado lipo. Jina lake bado halijaandikwa pale linapostahili kuandikwa, na mimi nimechoka kungoja. Lakini huku mjini salamu imeharibika. Trevor wa dukani anasema sasa anaogopa kuwauliza wanawake hali.

Hayo ni ya baadaye. Jumamosi ile ile Doreen alirudi nyumbani na skonzi zilizobaki, akamkuta Neville ameketi kwenye ngazi ya tatu, anahema, suruali imejaa vumbi.

"Unafanya nini?"

"Nafanya mazoezi. Makalio yanaweza." Alinyoosha mkono ainuliwe. "Nimeshasikia ulichofanya. Simu haijanyamaza. Mchungaji anasema ulikuwa utovu wa adabu."

"Ulikuwa."

Leanne alikuwa jikoni, amejikunyata kwenye kiti na koti lake. Jumatatu wangekwenda polisi, wote watatu, hilo walikuwa wameshakubaliana. Lakini hadi sasa msichana hakuwa amesema neno lenyewe, na polisi hawatalisema kwa niaba yake. Neville alikaa mbele yake, akasubiri pumzi irudi, kisha akamuuliza kwa upole, kama mtu anayemsalimu mgeni.

"Vipi, mwanangu? U hali gani?"

Leanne alimtazama mama yake. Doreen alikuwa amesimama kwenye sinki, mkono karibu na bomba.

"Kwanza, njegere za Jumatano zilikuwa uji," Leanne alisema. "Nilikula tu. Sijawahi kula kitu kibaya namna ile." Akavuta pumzi. "Na la pili, ninalalamika, baba. Ilikuwa Jumanne moja ya mwezi uliopita, wenzangu walikuwa wamekwenda kula. Aliingia akafunga mlango."

Doreen aliliacha bomba, akavuta kiti, akakaa karibu na mwanawe, na mara hii hakuinuka kuosha sufuria.